Winchi ya Bramwell

Janelle Pruitt alikuwa akibandika vikaratasi vya njano kwenye kitabu ambacho hakuna mtu pale kituoni aliyekuwa amekisoma. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila Jumanne. Kitabu kipya kikifika, hukivunja mgongo kwenye ukingo wa meza ili kionekane kimechakaa kwa kusomwa, hubandika vikaratasi ishirini popote kidole kinapoangukia, kisha hukiweka mbele ya bosi wake. Mgeni akiingia studio na kukuta kitabu chake kimeota manyoya ya njano, uso humlegea kwa furaha. Maswali ya kumuuliza hayakuwa na taabu. Yalikuja na kitabu, kumi na mawili, yamechapwa na mchapishaji mwenyewe.

"Bosi," alisema. "Umo humu."

Lowell Hiebert hakuinua macho. Alikuwa anamega andazi la nyama na kabichi, na chembe zilikuwa zinamwangukia tumboni. "Wote huniweka humo. Wananishukuru ukurasa wa mwisho ili niwape dakika kumi za ziada."

"Si ukurasa wa mwisho. Mia na kumi na nne. Ni sura nzima. Wewe, kanisa, na Bi Orpha Fenske."

Lowell akaacha kutafuna.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, ishirini na mmoja kati ya hiyo akiwa mbele ya kipaza sauti cha Radio ya Uwanda, magharibi mwa Kansas, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Walimsikiliza wakulima juu ya matrekta, madereva wa malori ya ng'ombe, vinyozi, na wanawake waliokuwa wakimenya viazi huku wakimjibu kwa sauti kana kwamba yumo jikoni. Aliyoyasema aliyaamini. Familia kwanza, kisha kanisa, kisha kaunti. Jimbo lije baadaye sana, na Washington isije kabisa ikiwezekana. Waandishi na wanasiasa wa mrengo huo walipita mbele yake kila wiki, naye aliwahoji kwa adabu na utani, kwa sauti iliyofanya hata sheria ya maji isikike kama habari za jirani.

Alikichukua kitabu. Mwandishi alikuwa Grant Ostrander, seneta wa jimbo, rafiki yake, mgeni wa asubuhi hiyo. *Mikono Yetu Inatosha*, ndivyo kilivyoitwa. Akasoma akiwa amesimama.

Seneta alikuwa ameeleza jinsi kimbunga cha Mei mwaka themanini na tisa kilivyoliangusha kanisa la mji wao wa Kessler mchana kweupe, watu kumi na wanne wakiwa wamejificha katika handaki lake. Kumi na watatu walitoka wenyewe. Wa kumi na nne, Bi Orpha Fenske, alinasa chini ya boriti ya zege. *Hakuna aliyeisubiri serikali. Majirani thelathini waliishika boriti ile kwa mikono mitupu. Wakahesabu moja, mbili, tatu. Wakainua.* Halafu, chini yake: *Simulizi hii niliisikia kwa Lowell Hiebert nikiwa naendesha gari. Nilisimama kando ya barabara nikalia. Hapo ndipo muswada wangu ulipozaliwa.*

Muswada wenyewe Lowell aliujua. Ulitaka kuzifunga bohari tatu za uokoaji za jimbo, ile ya Bramwell ikiwamo, vifaa viuzwe, na kila kaunti ijitegemee kwa watu wake wa kujitolea. Alikuwa ameusifu hewani mara tatu tangu Krismasi.

"Nimekusikia ukiisimulia mara tisa," Janelle alisema. "Ni kweli, siyo?"

"Karibu."

"Karibu kiasi gani?"

Lowell alikifunga kitabu. "Winchi moja," alisema.

*

Alikuwepo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na viganja vyake vilikuwa kwenye boriti ile pamoja na viganja vya wengine. Majirani walikuwa thelathini kweli, labda zaidi. Walihesabu moja, mbili, tatu. Wakahesabu tena. Walihesabu mpaka mchungaji akapoteza sauti, na boriti haikusogea hata unene wa kucha. Kutoka chini Bi Orpha alikuwa akiwaambia, kwa upole kabisa, waache kutikisa kwa sababu vumbi lilikuwa linamwingia puani.

Winchi ilitoka Bramwell, maili sitini, ikachelewa kwa sababu miti ilikuwa imelala barabarani. Ilikuja na watu wanane wa jimbo waliovaa kofia za rangi ya chungwa. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye masharubu mekundu, aliwafokea wote warudi nyuma, akatambaa chini kwa tumbo na minyororo begani, akakaa huko muda ambao Lowell aliuona kama mwaka. Kisha injini ikanguruma na zege likainuka. Jua halikuwa limetua.

Mara ya kwanza alipoisimulia redioni, winchi ilikuwemo. Alikuwa anahoji mwandishi mmoja aliyeandika juu ya ujirani, na kisa kilikuja chenyewe mdomoni. Mara ya pili muda ulikuwa umembana. Alitakiwa asome tangazo la duka la mbegu la Penner, ikabidi aruke. Aliruka winchi. Simu zikafurika. Watu walikuwa wanalia. Alishangaa: kisa kilekile, na mwanzo hawakulia. Baada ya hapo winchi haikurudi. Hakuna siku hata moja aliyokaa chini akaamua kudanganya. Alikipunguza kisa kama kinyozi anavyopunguza nywele, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka sikio lote likawa nje, na kila mtu akasema amependeza.

*

Grant Ostrander aliingia na pai tamu ya mabua ya rubabu mikononi na kofia kwapani. Alikuwa daktari wa mifugo kabla ya siasa na bado alitembea kama mtu anayeogopa kupigwa teke.

"Mke wangu anasema hii ni ya Janelle," alisema. "Anasema wewe umenenepa vya kutosha."

"Mwambie mkeo sauti inahitaji nyumba kubwa."

"Hiyo si nyumba, kaka. Hilo ni ghala la ngano."

Wakacheka, wakakumbatiana kwa kupigana migongo. Grant alikiona kitabu chake mezani na manyoya yake ya njano, akakigusa kwa kidole kimoja. "Umekisoma," alisema.

Lowell alitamani sakafu ipasuke.

"Sikiliza," Grant aliendelea, akivuta kiti karibu. "Alhamisi kamati ya bunge inakaa Topeka. Tuko wanne, wao wanne, na mmoja anayumba kama ndama aliyezaliwa jana. Mkewe anakusikiliza kila siku, haachi. Nimekuandikisha kuwa shahidi. Huhitaji takwimu wala nini. Keti pale uwaambie habari za kanisa kama unavyotuambia sisi. Ukimaliza, yule ni wetu."

"Grant, ile sura..."

"Usinishukuru."

"Sikushukuru. Nataka tuseme kidogo kabla..."

Muziki wa kufungulia kipindi ukalia. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Lowell alivaa hedifoni, na kinywa chake, kilichozoea miaka yote hiyo, kikafunguka chenyewe na kuwaamkia wakulima.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda kama siagi. Grant alikuwa mgeni mzuri. Alijibu kwa ufupi na hakusoma kwenye karatasi.

"Bramwell ina watu kumi na wawili, winchi mbili, malori sita," alisema. "Mwaka jana walitoka mara nne. Mara nne, Lowell! Siku nyingine zote wanang'arisha vioo."

"Mimi nikitoka mara nne kwa mwaka mke wangu ananiita mzururaji."

"Na ubaya hauko kwenye vioo tu. Ubaya ni kwamba mtu akijua kuna mwenye kofia wa jimbo atakuja kutoka mbali, yeye hanunui hata msumeno. Hajui jirani yake analala chumba gani. Unawafundisha watu kukaa na kungoja. Nimeyaona haya kwenye mji baada ya mji."

Lowell naye alikuwa ameyaona. Hilo ndilo lililomsumbua. Kila neno alilosema Grant lilikuwa na ukweli ndani yake, na yeye mwenyewe angeyasema vilevile, pengine vizuri zaidi. Alitazama saa ya ukutani. Ikafika zamu ya habari, dakika tatu, na Grant akatoka kwenda msalani.

Sauti ya Janelle ikamwingia masikioni kutoka upande wa pili wa kioo. "Alhamisi utakula kiapo?"

"Kwenye kamati hakuna kiapo."

"Aa. Basi afadhali."

"Usinianze, Janelle."

"Sijaanza. Nimeuliza tu." Alikuwa anapanga simu, namba za wapigaji zikijipanga moja moja kwenye skrini. "Wako wanane mstarini. Sita wanataka kumpongeza Seneta. Mmoja anataka kuuza mbuzi."

"Na wa nane?"

"Hakutaja jina wala anachotaka. Amesema anasubiri."

*

Grant aliporudi, Lowell alimkaribisha tena hewani, naye Grant akaomba ruhusa asome kidogo. Alifungua ukurasa wa mia na kumi na nne.

Alisoma vizuri. Kumbe hakuchukua kisa peke yake. Alichukua na pumzi. Pale kabla ya *wakainua* alinyamaza muda uleule ambao Lowell hunyamaza, na akashusha sauti kama Lowell anavyoishusha. Lowell alijisikia kama mtu aliyekutana na koti lake la zamani limevaliwa na mwingine, na lote limejaa vizuri mabegani. Akamwona yule mjumbe anayeyumba akiwa Topeka, akisikiliza, mkewe kando yake. Akaziona funguo za bohari ya Bramwell zikikabidhiwa kwa mnunuzi. Akaliona kanisa lingine, mji mwingine, wasichana na wazee wakihesabu moja, mbili, tatu, huku wakiamini kwamba inawezekana kwa sababu Kessler iliwezekana.

"Seneta," alisema. "Kisa hiki ulikipata kwa nani?"

Grant alicheka. "Kwako, si nimeandika?"

"Kuna mwingine uliyemuuliza?"

"Nimuulize nani tena, Lowell? Ni wewe!"

"Bi Orpha Fenske yuko hai. Anakaa mitaa mitatu kutoka hapa."

Grant aliendelea kutabasamu, lakini macho yake yakaanza kutafuta. Lowell alisogea karibu na kipaza sauti mpaka midomo ikakigusa.

"Boriti ile hatukuiinua," alisema. "Tulijaribu, tukashindwa. Iliinuliwa na winchi ya jimbo iliyotoka Bramwell. Nilikuwepo, naijua, na nimewasimulia nyinyi miaka mingi nikiiacha nje."

Neno linalosemwa studio halifiki redioni mara moja. Radio ya Uwanda, kama vituo vyote vya mazungumzo, hulishikilia kwa sekunde saba, ili mpigaji akitukana, mtayarishaji alifute tusi kabla halijatoka. Kitufe cha kufutia kilikuwa mbele ya Janelle, na kidole chake kilikuwa juu yake. Alimtazama Lowell kupitia kioo, nyusi zimepanda. Lowell angeinamisha kichwa mara moja tu, na uwanda mzima usingesikia kitu. Wangesikia tangazo la mbegu, kisha yeye akirudi na utani juu ya pai. Grant naye alikifahamu kitufe kile. Alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kipaza sauti chake, na kwa midomo bila sauti alikuwa anasema: *Lowell. Mwambie afute.*

Sekunde saba ni nyingi. Lowell aliwaza mengi ndani ya hizo, mengine ya kijinga. Aliwaza kwamba Penner ataondoa tangazo lake. Aliwaza juu ya kinyozi wake. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, na Janelle akaondoa kidole.

Taa za simu zilianza kuzimika. Moja, kisha mbili kwa pamoja, kisha nyingine. Watu waliokuwa wamesubiri nusu saa kumpongeza Seneta walikuwa wanakata. Hata mwenye mbuzi alikata. Ilibaki taa moja.

"Ni yule aliyesema anasubiri," Janelle alisema masikioni mwake. "Amejitaja sasa. Ni Bi Orpha."

*

"Lowell mwanangu."

"Bi Orpha. Uko hewani."

"Najua niko hewani, redio yangu inanirudia mwenyewe. Ngoja niizime." Ikasikika kiti kikiburutwa, hatua, kitu kikidondoka, hatua tena. Lowell hakujaribu kuziba kimya kile. "Haya. Nilikuwa nimepiga kumwambia Seneta asome vizuri, asiharakishe. Sasa umenichanganya."

"Nisamehe, Bi Orpha."

"Unajua, kila mwaka ulikuwa unanipunguzia uzito wa lile zege. Mwanzo lilikuwa tani tatu. Halafu likawa la watu thelathini. Nikasema huyu akifika uzeeni atakuja kusema nilifunikwa na mto wa kulalia."

Janelle aliweka mkono mdomoni.

"Ulijua," Lowell alisema. "Miaka yote."

"Nilikuwa chini yake! Nisijue mimi ajue nani? Na Kessler nzima inajua. Tulikuwa tunakuacha tu. Kilikuwa kisa kizuri, na watu wa mbali walikuwa wanatuona watu wa maana." Alivuta pumzi kwa taabu, pumzi ya mapafu yaliyowahi kubanwa. "Lakini hukuniuliza hata siku moja. Umehoji magavana, umehoji wale wanaoandika vitabu vinene, umehoji yule mwanamume aliyesema kuku wana haki. Mimi mtaa wa tatu, hukuniuliza."

Mdomo wa Lowell, ambao haujawahi kumwangusha, ulimwangusha.

Grant aliinama kwenye kipaza sauti chake. Uso ulikuwa umemwiva, lakini alikuwa mwanasiasa na alijua kusimama. "Bi Fenske, mimi ni Grant Ostrander. Nakuomba radhi kwa kilichoandikwa. Lakini niruhusu niulize: majirani zako walikutunza au hawakukutunza? Baada ya pale?"

"Walinitunza. Sikupika mwaka mzima, na nyumba walinijengea wao, msumari kwa msumari. Hakuna aliyetumwa."

"Basi ndicho ninachosema. Watu ndio..."

"Seneta, ngoja. Mtu aliye chini ya zege hali chakula. Kwanza mtoe."

"Na kaunti ikinunua winchi yake? Ikiwa mnaiendesha wenyewe, watu mnaowajua kwa majina?"

"Labda," alisema Bi Orpha, naye alionekana kulifikiria kwa haki. "Sisi ni watu elfu moja na mia mbili, na nusu hatuoni vizuri. Sijui nani ataiendesha. Yule wa masharubu alikuwa anaijua ile mashine kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Alilala pale chini ubavuni kwangu, akawa ananieleza kila mnyororo anaoufunga, huu unakwenda hapa, huu unakwenda pale, ili nisiogope. Sijui kama kazi hiyo mtu anajifunza Jumamosi moja kwa mwezi. Labda inawezekana. Ulizeni kwanza."

Janelle alikuwa anaashiria saa. Tangazo la Penner lilikuwa limepitwa kwa dakika nne.

"Kaka," Grant alisema, na Lowell alijua swali linakuja kabla halijafika, kwa sababu lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe huwabana nalo wageni wote. "Wasikilizaji wako wanataka kujua. Unaunga mkono muswada, au unaupinga?"

"Mpaka saa tatu kasorobo leo nilikuwa naunga mkono."

"Na sasa?"

"Sijui."

Katika redio ya namna ile neno hilo halitumiki. Mtu anaweza kukosea, anaweza kubadilika, anaweza hata kulia, lakini kutojua hakuna. Lowell aliisikia studio ikilipokea kama kikombe kilichodondoshwa.

Simu zilirudi, na hazikuwa za pongezi. Mkulima mmoja alisema kwa sauti ya chini, isiyo na hasira, na hiyo ndiyo iliyouma: "Nimekuamini miaka ishirini, Lowell. Nimewafundisha watoto wangu maneno yako. Sasa nianze kupekua yote uliyowahi kusema?"

"Ndiyo," Lowell alisema. "Anza."

*

Ukumbini nje ya studio Grant alivaa kofia yake polepole, akiipangilia kama mtu asiyetaka kuanza.

"Ungeniambia kabla."

"Ningekuambia."

"Nilikupa mlango. Niliuliza kama umekisoma."

"Hukuuliza, Grant. Ulisema nimekisoma. Na sikuwa nimekisoma. Huwa sisomi. Janelle ndiye hubandika vile vikaratasi, popote."

Grant aliiacha kofia ikiwa upande. Hilo, kuliko winchi, lilionekana kumfika. "Miaka mitatu nimekiandika kile," alisema. "Alfajiri, kabla ya ng'ombe."

"Najua."

"Hujui." Alifungua mlango wa nje, upepo ukaingia na vumbi la mashamba. "Jina lako nalitoa kwenye orodha ya Alhamisi."

"Ukumbi wa kamati ni wa umma."

"Ndiyo," Grant alisema. "Ni wa umma." Akaenda kwenye gari lake bila kugeuka, na pai ikabaki juu ya meza ya Janelle, haijakatwa.

Mwenye kituo alipiga simu saa sita na dakika mbili. Penner alipiga saa sita na kumi. Lowell aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

*

Alhamisi aliondoka Kessler kukiwa na giza bado, maili mia mbili na zaidi kuelekea mashariki, redio ya gari ameizima. Njiani alijaribu kuupanga moyo wake upande mmoja, kama alivyozoea. Kaunti ikinunua winchi, nani ataitunza? Bohari ikibaki, nani atamzuia mtu asikae kungoja? Alisimama kunywa kahawa mahali ambapo mwanamke wa kaunta aliitambua sauti yake. Alimtazama kidogo, kana kwamba anataka kusema jambo, kisha akamjazia kikombe tu. Alipoiona kuba ya bunge la jimbo bado hakuwa na jibu.

Mlangoni mwa chumba cha kamati alikaa karani kijana mwenye tai ya bluu. Kila anayetaka kusema hujaza karatasi: jina, mji, na msimamo. Misimamo ilikuwa mitatu, kila mmoja na kisanduku chake. Anaunga mkono. Anapinga. Hana upande.

Lowell alikijua kile kisanduku cha tatu. Alikuwa amewachezea wenye nacho miaka yote. Watu wa maji vuguvugu, aliwaita, watu wasio na uti wa mgongo, na wasikilizaji walikuwa wakicheka. Alisimama na kalamu mkononi mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

"Mzee, kuna tatizo?" karani aliuliza.

"Hiki cha tatu, wanaompa mtu dakika ngapi?"

"Tatu. Kama wengine."

Akaweka alama.

Chumba kilikuwa kimejaa. Grant alikuwa mbele, mgongo umenyooka. Alimwona akiingia, akashusha macho kwenye karatasi zake, na baada ya muda akasogeza mkoba wake uliokuwa umekalia kiti, si kile cha kando yake, bali cha tatu kutoka hapo. Lowell alikaa. Wale wa kuunga mkono walisema, kisha wale wa kupinga. Yule mjumbe anayeyumba alikuwa mtu mdogo mwenye miwani, na alikuwa anaandika kila kitu. Nyuma yake, kwenye viti vya wageni, mwanamke mmoja alinyoosha shingo pale jina la Lowell lilipoitwa.

"Bwana Hiebert, hana upande."

Watu kadhaa waligeuka kuona kama wamesikia vizuri. Kipaza sauti cha mezani kilikuwa kifupi, ikambidi ainame. Hakikuwa na sekunde saba.

"Naitwa Lowell Hiebert, kutoka Kessler," alisema. "Mwaka themanini na tisa nilishika boriti ya zege na watu thelathini, na haikusogea. Nitawaeleza kilichoiinua, na nitawaeleza nani alimlisha yule mama baadaye. Yote mawili nimeyaona kwa macho. Mkishayasikia, maswali niulizeni, na yale nisiyoyajua nitawaambia siyajui."

Yule mwenye miwani alifungua ukurasa mpya.

"Ilikuwa mchana," Lowell alisema. "Winchi ilikuwa bado iko Bramwell."